Mvua ya Kusini Mashariki

Nyumbani kwetu Kitengela taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa ya baba peke yake, lakini utabiri wa hali ya anga ulikuwa wetu sote. Baba alikuwa na pikapu ambayo alibebea vitunguu na nyanya kutoka Loitokitok, akauza soko la Kitengela. Wenzake walizunguka Emali. Yeye alipenda kukata kutoka Kajiado kupitia Mashuuru, na barabara hiyo mvua ikinyesha si barabara tena, ni uji. Kwa hivyo mtangazaji akisema, "Na sasa hali ya anga," mama aliteremsha sufuria, sisi watoto tukafunga midomo, na baba akainua kidole kimoja juu. Kidole hicho kilingoja jina moja tu: Bonde la Ufa.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yalianzia hapa. Sisi ni Wakamba. Wazazi wetu walitoka Ukambani, baba akafanya kibarua Athi River, akaweka weka mpaka akanunua ploti Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa vumbi na miiba, na nyumbu wakipita nyuma ya choo. Kajiado ilikuwa ndani ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Chifu alisema hivyo na kitambulisho kikasema hivyo, na baba aliipenda habari hiyo kupita kiasi. Alijiona mtu aliyehama akafika. Mtangazaji akimaliza Bonde la Ufa na kuingia "nyanda za chini za kusini mashariki," baba alishusha kidole na kumtania mama, "Haya sasa ni ya kwenu. Sikiliza kama mama yako atapanda."

Kusini mashariki ilikuwa Ukambani. Kila Mkamba alijua hivyo, hata mtoto, na mama alisikiliza sehemu hiyo kwa niaba ya nyanya yetu, mama yake, aliyelima huko.

Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na mwaka mkavu mpaka aibu. Ng'ombe wa majirani walianguka wakitafuta maji, na kando ya barabara ya Namanga mizoga ilinuka hadi watu wakafunga madirisha ya magari kwenye joto lile. Nyanya alituma salamu kwamba hata kunde zilikataa kuota. Jioni moja mtangazaji akasema, kwa ile sauti yake laini ambayo nimekuja kuichukia, kwamba mvua kubwa ilitarajiwa nyanda za chini za kusini mashariki, na wakazi wa huko wajihadhari na mafuriko. Bonde la Ufa, alisema, litaendelea kuwa kavu.

Baba akashusha kidole. "Basi kesho naenda," akasema. "Nyinyi wa kusini mashariki mtafute miavuli."

Mama alipiga makofi. Alisema, "Asante Yesu, mama atapanda," akapakua ugali akiimba. Furaha ile naikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha nyumba ile, kwa sababu haikurudi tena.

Asubuhi baba alivaa sweta yake ya safari. Mama ndiye aliyeifuma, ya kijani, lakini uzi ukaisha kabla ya mkono wa kushoto kufika mwisho, akamalizia kwa nyekundu. Sokoni walimcheka sana baba kwa mkono huo. Yeye alijibu kwamba pikapu haina indiketa, kwa hivyo alijifumia yake. Aliondoka jua likiwa tayari kali, mbingu nyeupe, bila wingu hata la kusingizia.

Hakurudi. Pikapu ilipatikana mbele ya Mashuuru, ndani ya mto wa mchanga, mito yetu ile ambayo mwaka mzima ni mchanga mtupu na magari yanakatiza bila daraja. Ilikuwa imefukiwa mpaka madirishani. Walipoifukua, chini ya gurudumu la nyuma walikuta matawi ya mgunga yamebanwa, yamekatwa kwa panga. Yaani alikwama, akashuka, akakata matawi, akayapanga chini ya tairi kama dereva yeyote wa pande hizo angefanya, na maji yakamkuta ameinama. Watu wa huko walisema pale kwenye kivuko hakukunyesha hata tone. Mvua ilinyesha mbali, vilimani upande wa Kajiado, halafu maji yakashuka yenyewe chini ya jua.

Dalili ya mvua ni mawingu, walitufundisha shuleni. Mwalimu aliyetukaririsha maneno hayo ningekutana naye leo ningemuuliza mawingu ya siku ile yalikuwa wapi.

Baba mdogo, ndugu ya baba, aliongoza watu kumtafuta. Waliteremka na mto mpaka pale unapopotelea tambarare, wakachimba kila mahali mchanga ulipovimba, wakarudi na kiatu ambacho hakikuwa chake. Mchungaji alituombea. Lakini hakukuwa na jeneza, na wanawake waliokuja kulia hawakujua waelekee wapi. Walilia wakiangalia redio, kwa sababu ndiyo ilikuwa juu ya kabati.

Tangu siku hiyo mama alitaka kitu kimoja tu duniani, kujua mume wake amelala wapi. Pole za watu hazikumsaidia. Aliniambia, "Mtu akifa unamwekea udongo, unarudi nyumbani. Mimi sijaambiwa nirudi."

Kisha redio ikamalizia. Ilikuwa msimu uliofuata, mtangazaji yule yule, habari zile zile. Sijui nani alimwandikia maneno zaidi jioni ile. Alisema, "Nyanda za chini za kusini mashariki, yaani Machakos, Makueni, Kitui na Kajiado."

Mama alikuwa ameshika mwiko. "Kajiado?" akaiuliza redio. "Kajiado iko kusini mashariki?"

Mtangazaji alikuwa ameshafika Pwani. Mama alibaki amesimama pale mpaka ugali ukaungua, na nikatoa sufuria mimi. Sote tulikuwa tumeelewa. Kwa serikali tulikuwa watu wa Bonde la Ufa. Kwa mawingu hatukuwa tumetoka Ukambani. Mvua ambayo mama aliipigia makofi haikuwa ya nyanya. Ilikuwa yetu, tulitangaziwa kwa Kiswahili sanifu, tukacheka tukidhani ni ya wengine.

Ndipo mambo ya mlango yakaanza. Mvua ikipiga mabati, mama aliinuka, akaenda akafungua mlango wa mbele, akaufungua kabisa, akasimama kando kama anayempisha mtu. Maji yaliingia mpaka kwa zulia. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilikuwa nasema, "Mama, funga, nyumba inajaa!" Aliniangalia bila ugomvi. "Na kama ni yeye?" Nilikuwa nachukua tambara, napangusa, nafunga mlango kwa kishindo. Kisha nilikuwa nakaa kitandani na kusikiliza, kwa sababu mjinga kama mimi pia alitaka kujua kama kuna mtu atabisha.

Nilipokuwa mkubwa nikashika biashara ya baba. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeingia, Kitengela imejaa maghorofa na makanisa ya mabati, watu wengi wa mjini wakila nyanya zetu. Nilikodi pikapu na dereva wake, nikawa naenda Loitokitok na Entarara kununua mashambani. Kwa muda mrefu nilipitia Emali. Dereva alisema Mashuuru ni karibu, nikamwambia anyamaze aendeshe. Ni mama aliyenibadilisha. Dada yake mdogo alikuwa ameolewa Entarara, mama akaanza kuja nami kila kiangazi kumwona, na safari ya kwanza tu akasema, "Tupitie kwa baba yako."

Nilisema hapana. Tukapitia. Mama haongei sana lakini hashindwi.

Dereva alipunguza mwendo tukiteremka kwenye mto. Mchanga ulikuwa mkavu, mweupe, una alama za kwato. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nikasikiliza kama kuna sauti ya maji kutoka juu, na hadi leo kila mto mkavu nikiuvuka naisikia sauti hiyo, hata katika redio ya gari ikiwa imezimwa. Ng'ambo, hatua chache kutoka barabarani, kulikuwa na rundo la mawe chini ya mgunga. Mama akasema, "Simama."

Hilo alifundishwa na jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa Kitengela. Wamaasai zamani hawakuzika kila mtu, alimwambia, lakini mzee mwenye heshima walimfunika kwa mawe, na apitaye karibu naye haendi hivi hivi, anaongeza jiwe. Mama aliokota jiwe, akaliweka juu ya rundo taratibu, akasimama kidogo, akarudi kwa gari.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni wa wenyewe."

"Sasa jiwe la nini?"

"Mimi nikimheshimu wa kwao," akasema, "pengine kuna mtu mahali atamheshimu wangu."

Ikawa desturi. Kila kiangazi tulisimama pale, mama akaweka jiwe lake, dereva akatema mate kando na kuangalia tairi, mimi nikasikiliza mto. Mama alianza kuchagua mawe mazuri. Safari nyingine alitoka na jiwe Kitengela, amelifunga kwenye leso pamoja na sabuni za dada yake. Nilimtania kwamba ameanza kujenga. Aliniambia rundo hilo limekuwa kubwa, mzee huyo ana watu wengi.

Halafu ukaja mwaka mwingine mkavu, karibu kama ule. Maziwa yalikauka kwa majirani. Jioni mtangazaji mpya, kijana, alikuwa akipita kusini mashariki kwa neno moja tu: kavu. Tulipofika kwenye mto tuliwakuta wanawake chini ya mgunga, na shanga zao na mashuka yao, wakiimba kwa sauti ya chini. Kila mmoja alikuwa na nyasi mkononi, mbichi. Mahali walipozitoa sijui, maana njia yote tuliyotoka hatukuona jani bichi. Waliziweka juu ya mawe.

Bibi mmoja, mzee kuliko wote, alimtazama mama akija na jiwe lake. "Takwenya," akamsalimu Kimaasai.

"Iko," mama akajibu. Jirani alikuwa amemfundisha na jibu la salamu hiyo.

Bibi alifurahi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini kilitosha. Alisema wamekuja kuomba mvua kwa mzee. Mama akamuuliza mzee huyu ni wa ukoo gani.

"Huyu hatujui ukoo yake," bibi akasema. "Huyu si mtu yetu. Meno ya chini iko yote."

Wamaasai wa rika lao hung'olewa meno mawili ya chini, hilo kila mtu Kajiado analijua. Niliona mama ameacha kutembea.

"Na ya juu," bibi akaendelea, akigusa midomo yake, "imechongwa hivi. Kama Mkamba. Ile mwaka ng'ombe ilikuwa inaisha. Tulikuwa tunahama, tunaenda upande ya Tanzania kutafuta majani. Tukaona mto imeshuka na maji, na hakuna wingu. Tukakimbia kunywesha. Huyu alikuwa kwa miti, huko chini. Bwana yangu akasema, huyu hatuachi kwa fisi. Huyu ameletwa na Enkai."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Enkai mvua, ama Enkai Mungu?"

Bibi alimtazama kama ameulizwa swali la kitoto. "Ni moja," akasema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilinijia pale pale na nikataka kuitapika. Tulikuwa tumelia miaka yote hiyo, na huku kulikuwa na watu waliopona kwa siku ile ile, ng'ombe wao wakanywa, watoto wao wakakua. Sikuwachukia. Nilitaka kuwachukia na nikakosa pa kuanzia, maana walikuwa wamemfunika vizuri.

Nilimuuliza mimi: alikuwa amevaa nini?

"Sweta," bibi akasema. "Ya rangi ya majani. Lakini mkono moja imemalizwa na nyekundu. Tulicheka kidogo, Mungu atusamehe. Tukasema bibi yake alikosa uzi."

Mama alikuwa bado ameshika jiwe.

"Tulimtoa huko chini," bibi akasema, sasa kwa upole, kama anayejitetea, "tukambeba mpaka hapa kwa barabara. Bwana yangu alitaka hivyo. Alisema tumweke mahali watu yake wakipita watamwona. Sisi tukahama. Tuliporudi tuliuliza, tukaambiwa watu walichimba huko chini, hapa hakuna mtu amekuja." Akatikisa kichwa. "Mpaka leo watu yake hawajapita."

Wale wanawake walikuwa wameacha kuimba, kwa sababu hata bila Kiswahili mtu anajua. Mwishowe mama alipiga magoti. Hakuliweka jiwe juu. Alilishika kwenye mapaja, akaanza kugusa mengine, moja moja, akiyatafuta yale yake. Aliyajua. Lile la mviringo la Kitengela alilipata upande wa mashariki, akaliwekea mkono.

"Nimepita," akamwambia. "Mimi nilikuwa napita."

Yule bibi alielewa hapo, akaweka mkono mdomoni, kisha akakaa chini kando yake kwenye vumbi. Walikaa bega kwa bega, na mimi nikaenda nyuma ya gari nikalia kwa hasira, nikipiga teke tairi la mtu.

Baba mdogo alisikia, akaja Kitengela na mipango. Afukuliwe, apelekwe Ukambani, alale kwa baba zake. Atatafuta kibali, atatafuta gari, mchungaji yuko tayari. Alikuwa na haki, sisemi hakuwa nayo. Huyo alichimba mchanga kwa mikono yake mpaka kucha zikatoka. Alisema, "Shemeji, mtu wetu hawezi kulala kwa wageni, anaombwa mvua kama sanamu."

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Wewe ulinitafutia ukamkosa," akamwambia. "Sikulaumu. Lakini huyo mtu nimemzika mimi. Jiwe kwa jiwe, kila kiangazi, hata kabla sijajua. Sasa unataka kufukua kazi yangu?"

"Na kwetu je? Kaburi la kwetu?"

"Kwetu ni wapi?" mama akasema. "Redio ilishasema. Hapa na huko ni pamoja."

Baba mdogo alikunywa chai yake, akaondoka amekasirika, na ilimchukua muda mrefu kurudi.

Mvua ya mwaka ule ilichelewa sana, ikaja alasiri moja, bila kutangazwa kusini mashariki wala Bonde la Ufa. Tulikuwa wawili nyumbani. Ilianza kwa matone makubwa juu ya mabati, halafu ikafunga, hata hatukusikiana. Nilichukua tambara mapema, nikangoja mama ainuke aende mlangoni. Hakuinuka. Alivuta sinia ya maharagwe karibu na dirisha apate mwanga, akaendelea kuchagua, akiweka mawe madogo upande mmoja. Alikuwa ameambiwa arudi nyumbani na alikuwa amerudi.

Nilimwangalia, nikaangalia mlango umefungwa, na maji yakipiga nje. Nilivumilia nilivyoweza. Halafu nikaweka tambara chini, nikaenda nikaufungua mimi, nikasimama kando. Maji yaliingia mpaka kwa zulia, na mama hakuniambia nifunge.